Mbuzi Aliyezunguka Jua Kathonzweni

Nikienda sokoni Kathonzweni siku hizi, husikia sauti nyuma yangu ikisema, "Peri, habari ya leo?" Nikigeuka namwona mtu mzima mwenye mvi, tumbo limemtangulia, mjukuu kamshika suruali. Huyo nilimfundisha. Baba yangu alinipa jina la Mwikali, shule ikaniita Bi. Mwikali, majirani wakaniita Mama Syombua. Wanafunzi wangu wakayaacha yote hayo wakashika hilo moja la Kigiriki, na mimi sijawahi kuligombania.

Sasa ninyi mnaoanza kazi hii ya chaki mmeniomba niwaandikie machache ya ualimu wa zamani. Msitarajie nianze na siku niliyozaliwa. Nitawaambia habari ya neno hilo, na ya mbuzi, na jinsi nilivyokaribia kurudishwa kijijini kwetu Tulia kushika jembe.

Najua ninyi mna kila kitu kwenye simu. Mkikwama mnabonyeza, na jibu linafika kabla swali halijaisha. Sisi tukikwama tulikuwa tunakohoa. Mwalimu wa enzi zile aliyejua kukohoa vizuri aliweza kumaliza muhula mzima bila kugunduliwa, na mimi kifua changu kilikuwa na kazi nyingi.

Shule yenyewe ilikuwa ya harambee, nje kidogo ya soko, miaka ya sabini. Wazazi walifyatua matofali wenyewe, wakaezeka mabati, halafu wakatazamana wakiulizana nani atafundisha. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne juzi tu, nimekuja na sanduku la bati. Mwalimu wa jiografia alikuwa amepata kazi Nairobi akaondoka na ramani ya ukutani. Hedimasta wetu, Bwana Mutiso, alinikalisha mbele ya meza yake.

"Wewe ulipita jiografia?"

"Nilipita, mwalimu."

"Basi wewe ndio mwalimu ya jiografia. Darasa ni ile pale."

Usaili uliishia hapo. Na nawaambia waziwazi, nilipoingia darasani mara ya kwanza na wale watoto wakasimama wote pamoja kunisalimu, nilijua sitaki kazi nyingine maishani. Sikuwa najua kuifanya, lakini niliipenda.

Shida ilianza tulipofika kwenye jua na dunia. Kitabu kilisema dunia hulizunguka jua kwa njia isiyo duara kamili. Kuna mahali inapokuwa karibu na jua kuliko kwingine kote, nako hufika mwanzoni mwa Januari. Kuna mahali inapokuwa mbali zaidi, nako hufika mwanzoni mwa Julai. Pa kwanza panaitwa perihelioni, pa pili afelioni. Jumatatu nilifundisha hivyo. Jumatano, kichwa kikiwa kimechoka, nikafundisha kinyume chake. Ijumaa akainua mkono Nduku, binti mmoja wa kidato cha pili aliyekaa karibu na dirisha na ambaye sikuwahi kumwona akiogopa mtu.

"Mwalimu, tuandike ile ya Monday ama tuandike ile ya Wednesday?"

Nikakohoa.

Jirani yangu pale nilipopanga alikuwa Pasta Nzioki. Huyu mzee alikuwa amesomea chuo cha Biblia, na huko walimfundisha Kigiriki, lugha iliyoandikiwa Agano Jipya. Jumapili akisema tu, "Sasa hapa kwa Kigiriki," utawaona kina mama wakifunga leso upya na kutafuta namna nzuri ya kukaa, kwa sababu walijua chakula cha mchana kimeahirishwa. Waumini walimpenda sana, ila Kigiriki chake walikivumilia tu, kama watu wanavyomvumilia mgeni mwenye kukoroma.

Jumamosi hiyo alasiri nilimkuta uani anachambua ndengu kwenye uteo, anatoa vijiwe.

"Pasta," nikamwambia, "wewe unajua Kigiriki ya Biblia. Hii peri ni nini?"

Mkono ukasimama juu ya uteo.

"Mwiitu," akasema, maana wazee wetu ndivyo wamwitavyo binti, "tangu nitoke college nimengoja mtu aniulize Kigiriki. Miaka yote hiyo wananiuliza tu mvua itanyesha lini."

Akaweka uteo chini, akajipangusa mikono, akakaa wima kabisa. Mke wake alichungulia kutoka jikoni kuona kama kuna msiba.

"Peri ni kuzunguka kitu. Kukaa kandokando yake."

"Lakini kitabu inasema ni karibu."

"Hiyo kuku inazungukazunguka jikoni ya mama hapo, iko karibu na sufuria ama iko mbali?"

"Iko karibu."

"Sasa unauliza nini?"

Nikamuuliza na hilo la pili. Akasema mwanzo wake ni apo. Akachagua kijiwe kimoja kutoka kwenye ndengu, akakirusha nje ya ua.

"Hiyo ndiyo apo. Imetoka, imeenda mbali. Na helios ni jua. Peri na helios, uko karibu na jua. Apo na helios, umetupwa mbali na jua. Wagiriki wakiongea haraka hiyo ya pili ikatoka afelioni. Umeshika?"

Nilishika, na sijaliachia hadi leo. Nilipokuwa narudi kwangu nilisimama katikati ya njia kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Nilikuwa nimekumbuka perimeta. Miaka yote ya shule ya msingi nilipima perimeta za mashamba, urefu wa kuzunguka ukingo, na hakuna aliyeniambia kwamba ile peri ndiyo hii. Nilipofungua kitabu tena nikakuta mwezi nao una mahali pake pa karibu na dunia na pa mbali na dunia, na majina yake yameanza na peri na apo vilevile. Nikayasoma bila kukariri. Sijui kama mmewahi kupata furaha ya namna hiyo, ya mlango mmoja kufungua nyumba nzima. Nilipika muthokoi wangu, mahindi yetu ya kukoboa, jioni ile huku nikijiimbia.

Kwa hiyo, ushauri wangu wa kwanza. Neno geni msiwape watoto zima wakalimeza. Likateni kwanza kama muwa, kipande kimoja kimoja, watafune. Waambieni kipande hiki kinapatikana wapi tena. Mtoto aliyelikata neno mara moja haji kukuuliza la Monday ama la Wednesday.

Ushauri wa pili ni wa kamba. Kila mtoto wa Ukambani amemwona mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi kimoja. Anakula mpaka kamba inapomkatalia, na akimaliza ameacha duara. Sasa pigilia vigingi viwili. Chukua kamba ndefu ya mkonge, iunganishe ncha ziwe kitanzi kikubwa, izungushe vigingi vyote viwili. Mbuzi mvike pete ya kamba shingoni, na hiyo pete ipite kwenye kitanzi ili iteleze. Mtoto mmoja atembee mbele yake na tawi la majani mabichi. Mbuzi atavuta kamba, atazunguka, na kwato zake zitakuchorea umbo la yai vumbini. Kigingi kimoja kiite jua. Mbuzi ndiye dunia. Akipita upande wa kigingi cha jua, darasa linaita, "Peri!" Akifika upande wa pili, wanaita, "Apo!"

Nilijaribu kwanza kutumia mwanafunzi badala ya mbuzi. Haikufaa. Dunia ilikuwa inacheka na kuwatupia wenzake vijiwe.

Na fundo la pete lisiwe la kukaza. Hilo sikulijua mpaka miaka ya themanini, nilipokuwa mwalimu Ikutha, kwa wafugaji hasa. Siku ya kwanza nilipomtoa mbuzi darasa lote lilinitazama kwa huruma. "Mwalimu," wakaniambia, "hii mbuzi itajinyonga kabla ifike July." Wakanifundisha kufunga. Wale watoto hawakutaka kusikia habari za jua mpaka wahakikishe dunia inapumua vizuri.

Turudi Kathonzweni. Ili darasa zima lione tofauti ya karibu na mbali, nilivitenganisha vigingi vyangu sana. Mbuzi akiwa peri alikuwa anakaribia kulipiga jua teke. Akiwa apo alikuwa kule karibu na choo. Lilipendeza sana kuliona. Sasa fikirini hali ya hewa ya kwetu. Januari Kathonzweni jua linawaka mpaka kuku wanatembea midomo wazi. Julai kuna mawingu ya asubuhi, manyunyu yasiyolowesha shamba, na watoto wanakuja shuleni na sweta za kaka zao. Tazama mbuzi, kisha tazama kalenda. Januari peri, joto. Julai apo, baridi. Nani angehitaji kuelezwa zaidi?

Ila kitabu kilikuwa na sentensi moja iliyotusumbua. Mwandishi alikuwa Mwingereza, na alisema kwamba, ingawa msomaji huenda akashangaa, dunia huwa karibu zaidi na jua wakati wa baridi kali. Tuliisoma mara mbili. Tukatazama nje, Januari hiyo, tukaona joto linavyocheza juu ya mabati. Nikaamua mzee wa watu alikosea kuandika, labda alikuwa mgonjwa. Nikawaambia darasa waikate sentensi hiyo kwa kalamu na rula, na wakaikata kwa usafi mkubwa.

Pasta naye nilimweleza, akafurahi kupita kiasi. Jumapili iliyofuata alihubiri. Akasema, "Sasa hapa kwa Kigiriki," leso zikafungwa upya, lakini safari hii hakuchukua muda. Alisema kuna peri na kuna apo. Ukikaa karibu na Mungu unapata joto, ukikaa mbali unapata baridi, hata jua la mbinguni linashuhudia. Mahubiri yale yalipendwa. Wiki nzima ukipita kisimani unasikia mama anamkemea mwanawe, "Wewe umekuwa apo sana siku hizi." Hapo ndipo na mimi nilipoanza kuitwa Peri.

Ndipo ikaja habari ya mkaguzi. Hedimasta aliniita nje ya ofisi, akasema bila kunitazama.

"Inspekta anakuja Alhamisi. Ameuliza hasa jiografia. Hawa walimu hawajasomea kazi, yule hatamridhisha ataenda nyumbani. Yule atamridhisha atampendekeza college. Mimi sina maneno ya kuongeza."

Sikulala vizuri wiki ile. Kwetu Tulia shangazi yangu alikuwa amekwisha kuniona nimechezea chaki vya kutosha. Alikuwa amenitafutia mchumba, mwanamume mpole mwenye punda wengi, na kila shangazi alipokuja kunisalimu alinieleza habari za punda. Sina ubaya na punda. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya ubao, nimewaona watoto macho yakiwaka, na nilijua nikirudi nyumbani sitasimama hapo tena.

Alhamisi asubuhi nikapata pigo. Mbuzi wetu wa kila siku alikuwa wa mke wa Pasta. Mbuzi huyo alikuwa amezaa jana yake na hakutaka kusikia habari za jua. Nikakimbilia jikoni mwa shule. Huko nyuma alikuwa amefungwa beberu mzuri, mwekundu, ambaye kamati ilimnunua kwa ajili ya chakula cha mgeni. Mpishi wetu, Mzee Mbithi, alikuwa ananoa kisu.

"Mzee, niazime huyo mbuzi kidogo."

"Hii ni ya inspekta."

"Ataiona. Nampelekea mbele yake."

"Mwalimu, mtu hashibi kwa kuona."

Nilimbembeleza. Nikamwambia kama hamtoi mbuzi, mimi jioni niko Tulia nachota maji ya punda wa mtu. Akapima makali ya kisu kwa kidole, akahema, akasema nimrudishe mapema, na chakula kikichelewa yeye hayumo.

Gari la mkaguzi likafika. Akateremka mtu mwembamba, shati jeupe, na kichwani kofia ya kufumwa. Bwana Swaleh. Jamaa zake walitoka pwani zamani wakakaa Kitui mjini, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mpaka unaona aibu kufungua mdomo. Sisi tulikuwa tumeambiwa tu kwamba mkaguzi anakuja. Hakuna aliyefikiri kuuliza ni nani.

Nilimwona Hedimasta akiitazama ile kofia, kisha akageuza macho kuelekea jikoni, na uso wake ukabadilika. Mbithi alikuwa shemasi wa kanisa letu. Mbuzi akichinjwa na Mbithi, mgeni huyu hataonja, na shule yetu itakuwa imemkaribisha mkaguzi kwa chakula asichoweza kula. Kwa hesabu ya Hedimasta, saa ile mbuzi alikuwa amekwisha kufa. Na hakuweza kumwacha mgeni peke yake ili yeye akimbilie jikoni. Alitembea kando yake kuja uwanjani, jasho likimtoka, anasimulia habari za matofali.

Nami nilikuwa nimepanga darasa uwanjani, vigingi viko mahali pake, Nduku ameshika tawi. Nikaanza. Nikayakata maneno yangu ya Kigiriki, wanafunzi wakayatafuna. Nduku akatangulia, beberu akamfuata. Alikuwa mbuzi mwenye njaa na bidii. Akatokea upande wa choo, akazunguka taratibu kuelekea jua, na darasa likapiga kelele, "Peri!" Hedimasta alipomwona akiwa hai alikaa chini kwenye nyasi bila kukaribishwa. Nilidhani amefurahishwa na somo langu.

Bwana Swaleh alitazama mizunguko kadhaa, mikono nyuma. Kisha akaja mbele.

"Wanangu, nielezeni. Kwa nini kwenu hapa Julai kuna baridi?"

"Kwa sababu tuko apo!" darasa zima.

"Na Januari?"

"Tuko peri!"

Akachukua kitabu cha Nduku, akafungua ukurasa, akaiona ile sentensi iliyokatwa kwa rula.

"Nani ameikata hii?"

"Ni sisi," Nduku akasema. "Mwalimu alisema huyo mzee alikosea."

Akanitazama. Sikuona hasira, niliona kitu kibaya zaidi, alikuwa anazuia kicheko.

"Ulaya, mwezi wa Januari, kuna nini?"

"Theluji," wakajibu. Walikuwa wameiona kwenye kadi za Krismasi.

"Na Januari dunia iko wapi?"

"Peri."

"Kuna dunia ngapi hapa uwanjani?"

Wakamtazama beberu. "Moja."

"Basi kama jua limewakaribia ninyi, limewakaribia na wao. Mbona wao wanaganda?"

Darasa lote likanigeukia. Hata mbuzi aliacha kutafuna. Nilijaribu kukohoa, kifua kikakataa. Niliona njia ya Tulia imenyooka mbele yangu, na punda wamejipanga kando yake.

Nduku ndiye aliyesema. "Bwana inspekta, sasa baridi yetu ya July inatoka wapi?"

"Swali zuri. Mwalimu, nisaidie."

Aliinama mwenyewe, akang'oa kigingi kimoja, akakipigilia tena karibu kabisa na kigingi cha jua, kiganja hakipiti katikati. Tukamwachia mbuzi. Akazunguka, na umbo likatoka karibu duara tupu. Peri na apo zilikuwapo bado, lakini ulilazimika kuzitafuta kwa macho.

"Hivi ndivyo njia ya dunia ilivyo," akasema. "Mwalimu wenu aliivuta ili muione. Si vibaya kuivuta. Ila ukiivuta, useme umeivuta."

Akaomba kitu cha mviringo. Mbithi, ambaye alikuwa amekuja kudai mbuzi wake, alitumwa jikoni akarudi na malenge. Bwana Swaleh akalichoma kijiti juu mpaka chini, akalishika kijiti kikiwa kimelala upande, akalizunguka jua bila kubadilisha mlalo wake. Tukaona. Januari upande wa Ulaya umelipa jua kisogo, ijapokuwa dunia yote iko karibu. Julai upande huo umeliinamia jua, na sisi tumebaki na pepo na mawingu yetu ya kutuletea baridi. Neno la Kigiriki lilisema dunia iko karibu au iko mbali. Halikuwahi kusema kuna joto.

Somo likaisha. Hedimasta akainuka kwenye nyasi, akasogea kwa mgeni, akaanza kuzungukazunguka maneno kama kuku wa mke wa Pasta.

"Bwana inspekta, sasa, hiyo dunia... yaani hiyo mbuzi... ni chakula yako ya lunch. Tunaomba, vile imani yako iko, utusaidie."

Bwana Swaleh alicheka hapo, akacheka mpaka akavua kofia. Akaomba maji na kisu cha Mzee Mbithi. Na hivyo mkaguzi akaichinja dunia kwa mkono wake, nyuma ya jikoni, akielekea Kibla, na wanafunzi wangu wakatazama kwa heshima kubwa. Kama ningemwacha mbuzi kwa Mbithi asubuhi ile, mgeni angeondoka na njaa. Hedimasta alinielewa baadaye, akanishukuru, lakini wakati huo alinipa tu birika na beseni niwanawishe.

Basi hukumu yangu niliipata nikimwagia mkaguzi maji mikononi. Alikuwa anaongea na Hedimasta juu ya kichwa changu.

"Mwalimu Mutiso, nikwambie kweli. Binti huyu anafundisha vizuri sana jambo ambalo si kweli."

Maji yakapita mikono yake yakaenda kwenye viatu. Sikuyaona. Hedimasta alianza kuomba radhi, akataja ugumu wa kupata walimu.

"Sijamaliza," akasema Bwana Swaleh, akasogeza miguu. "Nazunguka shule nyingi. Nakutana na wanaojua kweli tupu, na watoto wamelala mbele yao. Hao sina dawa yao. Huyu dawa yake ipo chuoni. Nitampendekeza. Mwanangu, birika limekwisha maji."

Nilikwenda nyuma ya jikoni nikalia kidogo, kwa furaha na kwa aibu pamoja, halafu nikanawa uso nikala nyama. Alikuwa mbuzi mtamu.

Jioni, kabla ya jua kuzama, nilikwenda kwa Pasta. Nilimwambia habari njema kwanza, akamshukuru Mungu. Kisha nikamwambia habari ya malenge. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Pasta, Kigiriki yako imenitia kwa shida."

"Hapana, mwiitu. Mimi nilikupa neno. Joto uliweka wewe."

"Na wewe ukapeleka kanisani."

Hilo hakuwa amelikumbuka. Kanisa zima lilikuwa linatembea na mahubiri yale, na mzee alikuwa mtu mwaminifu. Nilimwacha ameshika uteo mtupu.

Jumapili hiyo ilikuwa ya mwisho kwangu kabla ya kwenda Tulia kumpa shangazi habari. Pasta alisimama, akasema, "Sasa hapa kwa Kigiriki." Kina mama wakashika leso. Akasema amekuja kurekebisha. Akasema mambo ya peri na apo aliyowapa yalikuwa na kasoro, na mwalimu wa jiografia amemletea marekebisho kutoka serikalini. Watu wakanigeukia wakitabasamu. Mimi nilikuwa natabasamu pia.

"Nimejifunza," akasema polepole, "kuna watu wako karibu na jua kabisa, karibu kuliko wakati wote, na bado wanaganda kwa baridi. Jua halijawaacha. Ni wao wameinama upande ule mwingine."

Alikaa. Hakuna aliyefunga leso, hakuna aliyekohoa. Mbele yangu Mzee Mbithi, shemasi, aliyekuwa na mwana asiyesemezana naye katika nyumba moja, alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Nami nilifikiria shangazi yangu, jinsi alivyokuwa akija kila mara kwa miguu yake mwenyewe kunisalimu, na mimi nikawa nawahesabu punda tu.

Nilikwenda Tulia kesho yake. Nilimpelekea sukari, nikakaa naye jikoni mpaka chai ikaisha.